Zamu ya Jua

Kuna watu hawawezi kumpita mtoto anayelia njiani. Mzee Kitalu alikuwa hivyo kwa miche. Akiona mche umepauka, umerefusha shingo kutafuta mwanga, mikono inamwasha mpaka aushike. Miaka thelathini na mmoja aliongoza kitalu cha idara ya misitu, ndiko alikolipata jina hilo, na siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani na cheti. Kesho yake alfajiri alikuwa yuko uani kwa jirani anamwagilia maua ambayo hakuna aliyemwomba ayamwagilie. Jirani alicheka. Mkewe hakucheka. "Hiyo mikono yako itakuponza," alimwambia, "na ikikuponza usije ukasema sikukwambia."

Aliyerithi mikono hiyo ni binti yake wa kwanza. Alikuwa chuoni, anasomea shahada ya pili ya misitu, na baba yake alishaanza kumwita Daktari ingawa udaktari wenyewe ulikuwa bado mbali, nyuma ya mlima na mto. Mtaa mzima nao ukamfuata, Daktari, Daktari. Siku binti alipotangaza nyumbani kwamba utafiti wake ni wa nondo, mama yake alidhani ni zile za kujengea, akauliza msitu na zege vinakutania wapi.

"Nondo mdudu, Mama," binti akasema huku anacheka. "Yule anayeharibu mikangazi."

Mkangazi ni mti wa mbao za heshima, ila una adui mmoja. Nondo huja usiku akataga mayai kwenye majani machanga, yai dogo kama kichwa cha pini. Yai likianguliwa, kiwavi hutoboa ncha ya mche akaingia ndani akaila, ncha ikafa, na mche uliokusudiwa kuwa gogo lililonyooka ukachipua matawi ovyo ukawa fagio. Binti alitaka kujua jambo moja tu: je, mche ukiwa kivulini, nondo hutaga mayai machache kuliko ukiwa juani? Ikiwa ndivyo, watu wangeweza kupanda mikangazi chini ya miti mingine na wakavuna mbao badala ya mafagio.

"Nondo hapendi kivuli," Mzee Kitalu akasema palepale. "Hilo hata mfagizi wa kitaluni analijua."

"Kujua si kuonyesha, Baba. Wanataka namba."

Basi akapewa uwanja wenye uzio nyuma ya maabara ya chuo, akajenga mabanda matatu ya nguzo. La kwanza halikuwa na kitu juu, jua tupu. La pili lilikuwa na neti moja ya kivuli, la tatu neti mbili, giza la mchana. Kila banda aliweka miche themanini katika viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea, na kila kiriba kikapewa kibati chenye namba, kuanzia moja mpaka mia mbili na arobaini. Kila asubuhi anakagua jani kwa jani kwa kioo cha kukuzia, anahesabu mayai, anaandika, anayafuta kwa brashi ili kesho ahesabu mapya. Ilibidi afaulu msimu huohuo. Mwaka uliotangulia alikuwa ameahirisha kwa sababu ya ugonjwa wa mimba iliyoharibika, na chuo kilishamwandikia: mvua hizi, au jina lako linafutwa.

"Kitabu kikitoka usinisahau," baba yake alikuwa akimtania. "Jina langu uliweke."

"Nitaliweka, Baba."

"Mahali pa kuonekana?"

"Mahali pa kuonekana."

Siku ya kumi na tisa ya kuhesabu, mtoto wa tumboni, maana alikuwa ameshika mimba nyingine, akaamua kuja wiki tatu kabla ya wakati. Wakampasua. Mtoto akatoka mzima, wa kike, mdogo kama mkate, na mama yake akalazwa, kidonda kikaota usaha, akalazwa tena. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, alikuwa nchi ya tatu kutoka pale. Akiwa kitandani, uso umemvimba, binti alimshika baba yake mkono.

"Baba, miche."

"Nyamaza. Miche ninayo mimi."

Akamwandikia maagizo kwenye karatasi: mwagilia asubuhi na jioni, usipulizie dawa, hesabu mayai, andika kwa penseli, futa kwa brashi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mgonjwa, akaongeza: "Itunze kama ulivyokuwa ukitunza yako." Sentensi hiyo ndiyo iliyowaua.

Maana Mzee Kitalu alikuwa akitunzaje yake? Kwa zamu. Katika kitalu chochote duniani mche ulioko pembeni au gizani hudhoofika, kwa hiyo mtunzaji anayejua kazi anavizungusha viriba. Leo wewe uko mbele, kesho uko nyuma, hakuna mtoto wa kambo. Siku ya tatu tu alipoingia kwenye lile banda la neti mbili, moyo ulimwuma. Miche ya watu ilikuwa imepauka, mirefu, myembamba, inainama. Kiriba namba mia mbili na tatu shingo ilikuwa imepinda kabisa. "Lo, wewe nawe," akaiambia, "wamekusahau gizani." Akaitoa, akaipeleka juani, na ya juani moja akaileta ipumzike. Kisha nyingine. Kisha safu nzima. Kila baada ya siku tatu nne akawa anapita anatazama, anayeonekana mnyonge anampa zamu ya jua.

Mayai alihesabu kwa uaminifu usio na mfano. Alivaa miwani yake, akashika kioo, akaandika kila yai mbele ya namba ya kiriba kwa mwandiko wa chapa. Na siku yake ya ishirini na nne ya kuhesabu, binti aliporuhusiwa, alirudisha kila kiriba mahali pake kwa namba zake, akafuta vibati vikang'aa, kwa sababu kila kitu mahali pake ndiyo adabu ya kitalu. Alimpokea mwanawe getini kwa kifua mbele kabisa. Miche yote ilikuwa na afya, hakuna uliokufa.

"Baba, Mungu akuweke," binti akasema, na machozi yakamtoka.

Siku ya pili akaketi mezani na zile karatasi, mtoto mapajani. Alijumlisha, akarudia, akajumlisha tena.

"Sielewi," akasema.

"Nini, Daktari?"

"Siku kumi na tisa za kwanza mayai yamejaa juani, kivulini hamna kitu, kama tulivyotarajia. Halafu nilipolazwa tu, mayai yako kila mahali. Banda la neti mbili limepata sawasawa na la jua. Angalia, kiriba mia mbili na tatu, mayai matatu siku moja. Nondo gani huyo anayeacha jua anaingia gizani kutaga?"

Mzee Kitalu alikuwa ameshika kikombe. Aliitazama ile namba. Mia mbili na tatu. Siku hiyo ya mayai matatu, mia mbili na tatu ilikuwa juani, ameiweka yeye kwa mikono yake, na nondo akaja akafanya kama nondo wote wanavyofanya. Ndipo alipoelewa, mara moja. Karatasi ilisema kivulini. Mche ulikuwa juani. Na miche mingapi mingine? Ipi? Siku zipi?

"Labda hali ya hewa," akasema.

Kwa nini alisema hivyo? Usiniulize mimi. Mtu mzima na mvi zake, mtu aliyewahi kumsema mkubwa wake kazini mbele ya watu kwa kosa la dumu moja la dawa, akafungua mdomo na ukatoka uongo mdogo wa maneno manne. Na ukishatoka huo, ndugu yangu, kuurudisha ni kazi.

Siku zikaanza kwenda vibaya. Binti akajishuku yeye mwenyewe. Labda neti alizifunga vibaya. Labda vibati alivichanganya tangu mwanzo, na kile kichefuchefu cha mimba. Akashinda uwanjani na mshono wake, anapima mwanga chini ya neti, anarudi kapinda mgongo. Maziwa yakapungua, mtoto akawa analia kwa njaa, na bibi yake akawa anazunguka naye nyumbani akimpigapiga mgongoni. Mzee Kitalu alikuwa anamletea binti yake chai. Hicho ndicho alichoweza. Kila akiweka kikombe mezani anasema moyoni, sasa namwambia, na kila akifungua mdomo anasema, "Sukari inatosha?"

Usingizi ulimhama.

"Wewe una neno," mkewe akamwambia.

"Sina."

"Siku mbili hujala. Una neno."

"Nimesema sina, mama we!"

"Haya. Mficha uchi hazai," mkewe akasema, akaenda zake jikoni.

Siku ya sita tangu binti arudi, Profesa, msimamizi wake chuoni, alikuja kumwona mtoto. Alikuwa mtu mpole, mrefu, wa kuongea polepole kama anayesoma maelekezo ya dawa. Aliketi chini ya ile saa ya ukutani, akamshika mtoto kidogo, akamrudisha, kisha akazitoa zile karatasi.

"Takwimu zako zina vichwa viwili," akasema. "Za mwanzo zinasema kivuli kinafukuza nondo. Za pili zinasema kivuli si kitu. Ungesema mojawapo ningeipokea. Lakini wasahihishaji watakuuliza katikati hapa kimetokea nini, na wewe huna jibu."

"Sina," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Msimu nao umekwisha, miche haina majani machanga tena. Mwisho wa mwezi natakiwa kupeleka jina lako au kuliondoa. Nimefikiri sana. Pengine ni heri uandike barua ya kujitoa mwenyewe. Inasomeka vizuri kuliko kufutwa."

Mzee Kitalu alikuwa anamimina chai. Ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikashuka kwenye kitambaa. Profesa aliiinua haraka karatasi moja isilowe, akaitazama, akatabasamu.

"Mzee, lakini wewe umeandika vizuri kweli. Mwandiko kama wa kiwandani. Wanafunzi wangu wangekuwa na nusu ya umakini wako!"

Heri angempiga kofi. Mzee aliitikia, akatoka uani, akashika ukuta. Alimwomba Mungu ampe ugonjwa, homa, chochote cha kumlaza asione.

Siku ya nane binti na mama yake walikwenda kliniki kuangaliwa mshono. Nyumba ikabaki tupu, saa inagonga. Juu ya meza kulikuwa na karatasi ishirini na nne za penseli, barua iliyoanzwa mistari miwili, na kifutio.

Mnajua alichofanya. Alijiambia si uongo. Nondo hapendi kivuli, huo ndio ukweli, ameujua kabla mwanawe hajazaliwa. Kwa hiyo akiifuta tatu hii ya kivulini akaandika sifuri, na sifuri ile ya juani akaandika nne, atakuwa amesema kweli kwa njia ya mkato. Mwanawe ataokoka. Nani atajua? Akavuta karatasi ya siku ya kumi na moja, akavaa miwani, akaanza. Kiriba mia moja sabini na nne, mawili yakawa sifuri. Kiriba kumi na mbili, sifuri ikawa nne. Mkono wake ulikuwa imara, mwandiko uleule. Alifuta tisa.

Ya kumi ilikuwa mia mbili na tatu. Akaweka kifutio juu ya ile tatu, akasugua, kisha mkono ukagoma. Aliyaona yale mayai. Yalikuwa chini ya jani, kando ya mshipa, meupe, moja limeanza kuwa jekundu. Aliinama mpaka magoti yakalia ili ayaone. Kufuta hapa ni kusema hakuinama, hakuona, hakuwapo. Akasugua tena kwa hasira, karatasi ikatoboka. Mzee wa watu akakaa na kile kitundu mbele yake, akalia kama mtoto, kamasi na vyote.

Waliporudi walimkuta hajainuka. Mkewe aliiona karatasi, akamwona, akamchukua mtoto mikononi mwa binti.

"Baba?"

"Kaa, mwanangu."

"Nani kafa?"

"Kaa. Niliihamisha."

"Nini?"

"Miche. Ulipokuwa hospitali. Ya kivulini nilikuwa naitoa, naipa zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya jua."

Binti aliketi taratibu, mkono tumboni. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kikazi kabisa, ya mtu anayejaza fomu.

"Uliihamisha mingapi?"

"Sikuhesabu."

"Ipi?"

"Iliyokuwa minyonge. Nilikuwa natazama tu."

"Siku zipi? Uliandika mahali?"

"Sikuandika. Baadaye nikairudisha yote kwa namba, nilitaka uikute sawa." Akaisogeza ile karatasi iliyotoboka. "Na hii nimeifuta leo. Nilitaka kuzinyoosha namba. Nikashindwa."

Binti akacheka, kicheko kibaya, kifupi. "Kwa hiyo hata kuzirekebisha haiwezekani. Ningejua ipi na lini, ningezipanga upya. Haiwezekani."

"Niliionea huruma."

"Miche uliionea huruma!" Sasa sauti ikapanda. "Siku nane, Baba! Siku nane unaniona nalia. Nimejiita mjinga, nimejiita mwendawazimu, maziwa yamenikauka, mwanangu ana njaa, na wewe unaniletea chai. Unaniuliza sukari! Miche uliionea huruma, mimi je?"

Chumba cha pili mtoto alianza kulia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu alikuwa mle ndani kweli, analia njaa. Binti aliinuka kwenda kumnyonyesha hicho kidogo kilichobaki. Mlangoni akageuka.

"Na usiniite Daktari tena."

Usiku huo mvua ikanyesha, mvua isiyo na ratiba, ikapiga mabati mpaka asubuhi. Ikakata, mawingu yakabaki, mvua ndogondogo siku mbili zaidi. Siku ya tatu Mzee Kitalu alikwenda uwanjani kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Nyumbani hakuna aliyemsemesha. Alisimama kati ya mabanda, mikono imening'inia, akaitazama miche iliyomwadhiri. Kisha akainama. Akavaa miwani. Akaenda banda la pili, la tatu, akarudi la kwanza mbio, kama mbio ni neno la kutumia kwa miguu ile.

Alifika nyumbani anahema, akasimama mlangoni bila kuvua viatu vya matope.

"Sijaja kuomba msamaha," akamwambia binti yake. "Nimekuja kukwambia macho ya ncha yamevimba. Mikangazi inachipua upya."

"Profesa kasema msimu umekwisha."

"Profesa anajua nondo. Mimi najua mikangazi. Siku nne kutoka leo majani mekundu yako nje, machanga, laini, na nondo atakuja. Hilo silidhani, nalijua."

Binti alimtazama kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Kisha akatazama kalenda. Zilibaki siku kumi na tatu mwezi uishe. Toa nne. Tisa.

"Siku tisa hazitoshi kitu," akasema. Lakini alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

Profesa alipoambiwa yote, akavua miwani yake akakaa nayo mkononi. Alikubali kwa masharti mawili: zile siku ishirini na nne zitupwe zote, na sababu ya kuzitupa iandikwe wazi katika kitabu, bila kumficha mtu. Kuhusu hizo tisa akasema tu, "Tuone."

Binti hakuweza kusimama zaidi ya nusu saa, kwa hiyo wa kuhesabu ni yuleyule. Unafikiri hakuogopa kumpa? Aliogopa, lakini hakuwa na mwingine. Safari hii maagizo yalikuwa neno moja tu, kwa herufi kubwa juu ya kila karatasi: USIGUSE. Alimwagilia kwa mpira wa bomba kutoka mbali. Alihesabu mikono ameikunja nyuma, anaitoa tu kwa kioo na brashi. Binti aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, mtoto kifuani, karatasi pajani, anamtazama na kuandika. Hapakuwa na mazungumzo. "Kumi na saba, moja." "Moja." "Kumi na nane, hakuna." "Hakuna." Ndiyo maneno yao ya asubuhi nzima.

Majani yalitoka siku ya nne kama alivyosema, mekundu, yananing'inia kama matambara yaliyoloa. Siku ya tano hapakuwa na yai hata moja popote. Ya sita pia hapakuwa. Binti aliirudisha mezani ile barua ya kujitoa, akaongeza mstari. Siku ya saba, banda la jua, kiriba cha tisa: yai moja. Mzee alilitamka kwa sauti iliyokatika, na binti akaliandika. Kuanzia hapo nondo wakaja kama walioalikwa.

Lakini sikiliza hili. Mia mbili na tatu, ya gizani, ilizidi kuinama. Mvua ile imelowesha udongo wake, chini ya neti mbili haukauki, na shina likaanza kuwa jeusi pale linapoingia ardhini. Mtu yeyote wa kitaluni anajua dawa yake: itoe, ipe jua siku mbili, itapona. Mzee Kitalu alisimama mbele yake kila asubuhi, mikono nyuma, kidole gumba kimebanwa na vidole vingine mpaka kinabadilika rangi. "Mia mbili na tatu?" binti anauliza kutoka getini. "Hakuna yai," anajibu. Siku ya kumi na moja ililala. Siku ya kumi na mbili ilikuwa imekufa, imekufa safi, bila yai, bila kiwavi, na yeye hakuigusa.

"Mia mbili na tatu?"

"Imekufa."

Binti alishusha penseli. Alimjua baba yake. Alijua hilo limemgharimu nini. "Pole, Baba," akasema, halafu akaandika.

Siku ya kumi na tatu wakajumlisha. Juani mayai mia moja na kumi na manane. Neti moja, arobaini na moja. Neti mbili, tisa. Ungetegemea vigelegele, sivyo? Havikupigwa. Profesa alisema namba ni safi lakini ni chache, siku kumi na tisa za mwanzo na hizi tisa si msimu. Binti akapeleka kazi yake saa ya mwisho ya siku ya mwisho, na miezi miwili baadaye alifaulu, kwa kupenya kwenye tundu la sindano. Nafasi ya kuendelea na udaktari ilikuwa moja tu mwaka ule. Alipewa mwenzake, aliyekuwa na msimu mzima.

Kitabu kikaja kimejalidiwa kwa gamba jeusi. Mzee Kitalu alikiomba kwa mikono miwili, akaketi chini ya saa yake, akafungua ukurasa wa shukrani. Alimkuta mkewe. Alimkuta mkwewe, dereva. Mtoto, Profesa, hata mlinzi wa maabara. Alisoma mara mbili, akafunga kitabu, akasema kizuri, kimejalidiwa vizuri. Aliumia, asikudanganye mtu, aliumia sana, na alijua ni haki yake kuumia.

"Ukurasa wa arobaini na saba, Baba," binti akasema. "Nilikuahidi mahali pa kuonekana."

Akafungua. Majina yake yalikuwa pale, yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake. Akasoma kwamba takwimu za siku ishirini na nne zimeondolewa, kwa sababu mtunza miche huyo alihamisha viriba kati ya kivuli na jua bila kuweka kumbukumbu. Kwamba karatasi ya siku ya kumi na moja aliifuta kwa kifutio katika nafasi kumi. Hakuna kilichopunguzwa. Kisha mstari wa mwisho: "Haya yote aliyaeleza yeye mwenyewe, kwa hiari yake, pasipo kuulizwa na mtu." Hapo akarudia. Yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Akarudia tena, mpaka herufi zikaanza kuogelea.

"Wamekuandika nini?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

Akamsomea. Yote, kwa sauti, hakuruka neno. Mkewe alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema.

Jioni jirani mwenye maua alichungulia juu ya ua, mtu wa utani tangu zamani. "Mzee Kitalu! Nasikia kitabu cha Daktari kimetoka! Ulitutambia hapa jina lako litakuwamo. Limo, au ulitupiga fiksi?"

"Limo."

"Weee! Wapi?"

Mzee Kitalu aliingia ndani, akatoka na kitabu. Alimpa juu ya ua, kimefunuliwa ukurasa wa arobaini na saba, kisha akakunja mikono nyuma, akasubiri jirani amalize kusoma.